Mdai Aliyeichukua Timu: Kisa cha Mario Lemieux na Pittsburgh Penguins

Tarehe 13 Oktoba 1998, klabu ya hoki ya barafu ya Pittsburgh Penguins, ya mji wa Pittsburgh nchini Marekani, ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Madeni yalikuwa yamepita dola milioni 90. Miaka sita tu nyuma, timu hiyohiyo ilikuwa imelinyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, kwa mara ya pili mfululizo. Kwenye orodha ya wadai wasio na dhamana, jina la juu kabisa halikuwa la benki wala la mkandarasi. Lilikuwa la Mario Lemieux, mchezaji mstaafu wa miaka 33, aliyekuwa akiidai klabu takriban dola milioni 32.5 za mishahara yake mwenyewe.

Nikiulizwa ni kitendo gani kikubwa kuliko vyote katika maisha ya Lemieux ya mchezo, sitataja bao. Nitataja alivyolitumia deni hilo. Na niseme mapema kwamba sikubaliani na wanaokisimulia kisa hiki kama hadithi ya hisani, ya tajiri aliyeuonea huruma mji wake. Ilikuwa hesabu, tena hesabu ya mtu aliyejua tangu ujana kwamba kipaji kisicho na mkataba mzuri humnufaisha mwingine. Hesabu hiyo iliinusuru timu. Ina pia upande ambao mashabiki wake hawapendi kuutazama, nao nitaufikia.

Kijana aliyebaki kitini

Lemieux alizaliwa Montreal, Kanada, tarehe 5 Oktoba 1965, akakulia Ville-Émard, mtaa wa wafanyakazi ambako Kifaransa ndiyo lugha ya nyumbani. Katika msimu wake wa mwisho kwenye ligi ya vijana ya Quebec, 1983–84, akiichezea Laval, alifunga mabao 133 na kutoa pasi za mabao 149 katika mechi 70. Katika hoki ya barafu kila bao humpa mfungaji pointi moja, na wachezaji wasiozidi wawili waliompasia kisahani (kile kinachochezwa badala ya mpira) nao hupata pointi moja kila mmoja. Jumla yake, basi, ilikuwa pointi 282 kwa msimu mmoja.

Msimu huohuo Pittsburgh ilikuwa ya mwisho katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL. Viwanda vya chuma vya mji huo vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na wastani wa watazamaji uwanjani ulikuwa chini ya 7,000 katika ukumbi wenye viti zaidi ya elfu kumi na sita. Klabu ilikwishafilisika mara moja, mwaka 1975. Faida pekee ya kushika mkia ilikuwa kwamba, kwa utaratibu wa ligi hiyo, timu dhaifu kuliko zote ndiyo iliyotangulia kuchagua miongoni mwa vijana wapya.

Mwezi Juni 1984, katika ukumbi wa Forum mjini Montreal, jina la Lemieux likaitwa la kwanza. Desturi ni kwamba kijana hushuka hadi kwenye meza ya timu iliyomchagua, akapeana mikono na viongozi, akavaa jezi na kupigwa picha. Lemieux hakushuka. Mazungumzo ya mkataba hayakuwa yakienda vizuri, naye akabaki kitini mbele ya watu wa mji wake. Alikuwa na miaka 18. Wengi waliona kiburi. Mimi naona kwamba mtu wa mwaka 1999, yule atakayelitumia deni lake kuichukua timu, alikwisha kuonekana pale: aliyejua kwamba klabu inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji, na ambaye hakutaka kuvaa jezi kabla hajaelewana bei.

Mkataba ulitiwa saini baadaye. Tarehe 11 Oktoba 1984, Boston, katika zamu yake ya kwanza kabisa kwenye barafu ya NHL, alimpora kisahani Ray Bourque, mmoja wa mabeki bora wa kizazi kile, akaenda peke yake hadi kwa kipa na kufunga kwa shuti lake la kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana, sitayarefusha. Pointi 100 katika msimu wa kwanza. Bao la ushindi dhidi ya Umoja wa Kisovyeti katika fainali ya Kombe la Kanada 1987, kwa pasi ya gwiji mwenzake wa Kanada, Wayne Gretzky. Pointi 199 msimu wa 1988–89, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeipita isipokuwa Gretzky. Lakini usiku mmoja wa msimu huo lazima niueleze, kwa sababu unaonyesha mtu huyu alikuwa mchezaji wa namna gani. Tarehe 31 Desemba 1988, dhidi ya New Jersey Devils, alifunga mabao matano kwa njia tano tofauti: moja timu zikiwa sawa kwa idadi, moja wapinzani wakiwa wamepungukiwa mtu kwa adhabu, moja timu yake yeye ikiwa ndiyo iliyopungukiwa, moja kwa penalti, na la mwisho kwenye goli tupu baada ya wapinzani kumtoa kipa ili waongeze mshambuliaji. Ukiorodhesha hali zote ambazo bao linaweza kupatikana katika mchezo ule, alizimaliza zote ndani ya mechi moja.

Mwili na mkataba

Sasa tufike kwenye mambo mawili ambayo bila hayo deni lisingekuwepo.

La kwanza ni mwili. Mgongo wa Lemieux ulianza kumsumbua mapema. Julai 1990 alifanyiwa upasuaji wa diski ya uti wa mgongo, kisha akapata maambukizi yaliyomkosesha mechi 50 za msimu uliofuata. Alirudi, na Mei 1991 Penguins wakaifunga Minnesota na kutwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 1992 wakalitwaa tena mbele ya Chicago. Mara zote mbili yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Zipo taarifa nyingi za siku hizo kwamba hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake vya barafu. Mtu mwingine alimfungia, kisha akaingia kucheza.

Januari 1993 ikatangazwa kwamba ana saratani ya Hodgkin, ile inayoshambulia tezi za limfu. Alikuwa anaongoza ligi kwa pointi. Alikwenda kwenye tiba ya mionzi, na tarehe 2 Machi, siku ileile aliyomaliza kipindi cha mwisho cha mionzi, alipanda ndege kwenda Philadelphia na jioni akacheza: bao moja na pasi moja ya bao. Mashabiki wa Philadelphia, wanaojulikana kwa ukali wao kwa wageni, walisimama na kumpigia makofi. Wakati akiuguzwa, Pat LaFontaine wa Buffalo alikuwa amempita; Lemieux alirudi akiwa nyuma kwa pointi 12. Alimaliza msimu na pointi 160 kwa mechi 60, LaFontaine akiwa na 148. Timu ikashinda mechi 17 mfululizo, rekodi ya ligi.

Jambo la pili ni mkataba. Novemba 1991 klabu ilikuwa imenunuliwa na kundi lililoongozwa na Howard Baldwin. Wamiliki hawa walikuwa na timu ya mabingwa bila kuwa na fedha za mabingwa. Oktoba 1992 walimpa Lemieux mkataba wa miaka saba wa dola milioni 42, mkubwa kuliko wowote katika hoki wakati huo. Fedha taslimu za kulipa mishahara ya namna hiyo kila mwezi hazikuwepo, kwa hiyo sehemu kubwa iliahirishwa: acheza sasa, alipwe baadaye. Wachezaji wengine nao walipewa mipango ya aina hiyo.

Hapa ndipo wachambuzi wengi hupita haraka, nami nataka kusimama. Mshahara ulioahirishwa ni mkopo. Mchezaji anapokubali kulipwa miaka ijayo, anaikopesha klabu nguvu zake, na kwa kawaida anaikopesha bila rehani yoyote. Benki iliyoikopesha klabu hiyohiyo ilikuwa imeshika dhamana. Lemieux alishika ahadi. Kwa mtu mwenye mgongo ule na ugonjwa ule, ambaye hakuweza kuwa na uhakika wa kucheza msimu unaofuata, hilo lilikuwa jambo la hatari sana. Kwa upande wa klabu pia, kila mkataba wa namna hiyo ulikuwa jiwe lililorundikwa juu ya miaka ya mbele. Ni haki kusema kwamba mishahara ya nyota, ya Lemieux ikiwemo, ni sehemu ya kilichoizamisha Penguins. Hakuilazimisha klabu kutia saini, lakini hesabu za 1998 hazieleweki bila saini ile ya 1992.

Alikosa msimu mzima wa 1994–95 kwa uchovu uliotokana na tiba, akarudi na kuongoza ligi kwa pointi misimu miwili mfululizo, kisha akastaafu 1997 baada ya Penguins kutolewa na Philadelphia kwenye mtoano. Ukumbi wa Heshima wa hoki ulimwingiza mwaka huohuo bila kumsubirisha miaka mitatu ya kawaida. Alikwenda nyumbani. Fedha zake zilibaki klabuni, zikisubiri.

Chumba cha mahakama

Mwaka 1997 Roger Marino, mfanyabiashara wa teknolojia kutoka upande wa Boston, aliingia kama mmiliki mwenza. Fedha zake hazikutosha kuziba shimo. Mgogoro mkubwa ulikuwa na SMG, kampuni iliyoendesha ukumbi wa Civic Arena na kushika mapato mengi ya ukumbi huo kwa mujibu wa mkataba wa upangaji. Kituo cha televisheni cha Fox cha pale nacho kilikuwa na madai yake kwa haki za matangazo. Klabu ikakimbilia sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ambayo humpa mdaiwa nafasi ya kuendelea na shughuli zake huku akipanga upya madeni chini ya usimamizi wa jaji. Kesi ilimwangukia jaji Bernard Markovitz.

Jiulize ungefanya nini ukiwa Lemieux.

Angeweza kuketi na kusubiri. Lakini kusubiri kwa mdai asiye na dhamana ni kusimama mwisho wa foleni. Timu ikivunjwa, wenye rehani wanachukua kwanza, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa wengine. Na timu ya hoki iliyovunjwa ina nini cha kugawanya? Ukumbi haukuwa mali yake. Ulikuwa wa mamlaka ya umma. Mali halisi ya klabu ilikuwa mikataba ya wachezaji na nafasi yake katika ligi, na vyote viwili hupoteza thamani mara tu timu inapoacha kucheza. Dola milioni 32.5 kwenye karatasi zingeweza kugeuka senti chache kwa kila dola.

Angeweza kumuunga mkono mnunuzi wa nje. Mnunuzi wa namna hiyo angekuwa na sababu moja kubwa ya kutoa bei nzuri: kuihamishia timu mji mwingine wenye ukumbi mpya na mkataba usiombana. Kwa mdai wa kawaida hilo lisingekuwa neno, mradi alipwe.

Alichagua njia ya tatu. Alipendekeza kwamba dola milioni 20 za deni lake zigeuzwe hisa, na juu yake akaongeza dola milioni 5 taslimu, kiasi cha kumpa umiliki wenye nguvu kuliko mwingine yeyote. Wawekezaji wengine waliingia pamoja naye, mkubwa wao akiwa Ron Burkle, mfanyabiashara wa California. Ni kama mkulima wa korosho anayekidai chama cha ushirika kilichofilisika malipo ya misimu mitatu: badala ya kugombania magunia yaliyobaki ghalani, anasema, andikeni deni langu kuwa sehemu yangu ya ghala, nami nitasimamia msimu ujao.

Uzuri wa mpango huo uko katika jambo la kiufundi ambalo nadhani ndilo moyo wa kisa kizima. Mnunuzi mwingine yeyote angelazimika kuleta fedha taslimu kwa kila dola ya bei. Lemieux aliweza kulipa sehemu kubwa kwa karatasi ambayo mikononi mwa mtu mwingine ingekuwa karibu haina thamani. Tena, chini ya sura ya 11, kila kundi la wadai hupigia kura mpango, na kundi huhesabiwa limekubali ikiwa waliosema ndiyo ni zaidi ya nusu ya waliopiga kura na wanashika angalau theluthi mbili ya fedha zinazodaiwa na wapiga kura hao. Mtu anayedai peke yake zaidi ya dola milioni 30 ni vigumu kupitwa pembeni. Deni lililokuwa udhaifu wake likawa nguvu yake mezani.

Jambo la pili lililompa nguvu halikuandikwa kwenye daftari lolote: watu wa Pittsburgh walimwamini. SMG na Fox walikuwa na sababu za kibiashara za kubishana hadi mwisho, na walibishana. Ila kubishana na Marino ni jambo moja. Kuonekana mbele ya mji mzima mmemnyima Lemieux nafasi ya kuibakiza timu ni jambo jingine. Maafikiano yalipatikana, na tarehe 24 Juni 1999 jaji Markovitz akaupitisha mpango. Septemba umiliki ukakabidhiwa. Hakuna mchezaji mwingine wa zama hizi katika ligi kubwa za Amerika Kaskazini aliyekuwa amewahi kuimiliki timu aliyoichezea.

Mpango huo ulikuwa na kifungu ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote: wadai wasio na dhamana walipangiwa kulipwa madai yao kwa ukamilifu, jambo adimu sana katika kesi za ufilisi, ambako watu hao huondoka na makombo. Agosti 2005 iliripotiwa kwamba kundi la Lemieux lilikuwa limemaliza kumlipa kila mtu aliyestahili chini ya mpango ule. Hapo ndipo ninapompa heshima bila masharti. Kugeuza deni lake kuwa hisa kulikuwa kwa faida yake. Kuhakikisha wengine nao wanalipwa hakukuwa lazima kwa kiasi hicho.

Nisimsahau Jaromir Jagr, nyota wa Penguins wakati ule. Wakati mawakili wakibishana, Penguins walikuwa kwenye mtoano wa 1999 dhidi ya New Jersey, timu iliyoongoza kundi la mashariki. Walikuwa nyuma kwa mechi 3 kwa 2. Jagr, akiwa na jeraha la kinena lililomkosesha mechi kadhaa za awamu hiyo, alicheza mechi ya sita, akasawazisha dakika za mwisho na akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Wakashinda na ya saba. Kila mechi ya ziada ya nyumbani ilileta mapato ya mlangoni kwa klabu isiyo na akiba, na wapo wanaosema bao lile lilisaidia kuinusuru klabu sawa na hati yoyote iliyowasilishwa kortini. Sioni sababu ya kuwapinga.

Mmiliki anarudi uwanjani

Tarehe 27 Desemba 2000, miaka mitatu na nusu baada ya kustaafu, Lemieux alivaa tena jezi namba 66, ile iliyokuwa imetundikwa kwenye dari la ukumbi kwa heshima yake. Wapinzani walikuwa Toronto. Sekunde 33 baada ya mechi kuanza alikwishatoa pasi ya bao. Alimaliza usiku na bao moja na pasi mbili, timu ikishinda 5–0. Katika mechi 43 za msimu huo alipata pointi 76, akiwa na miaka 35.

Alieleza kwamba alitaka mwanawe, aliyezaliwa 1996 na asiyekumbuka kumwona akicheza, amwone. Naamini. Naamini pia kwamba mmiliki yeyote wa timu iliyotoka kwenye ufilisi angefurahi kupata mchezaji anayejaza viti kuanzia siku anapotangaza kurudi. Sababu zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja.

Kuwa mchezaji na mmiliki kulimweka mahali pasipo pa kawaida. Alikuwa mwanachama wa chama cha wachezaji na wakati huohuo mmoja wa waajiri wao. Na maslahi hayakukaa pamoja siku zote. Msimu wa 2001–02 nyonga ilimruhusu kuichezea Penguins mechi 24 tu, lakini Februari 2002 alikuwa nahodha wa Kanada kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, na Kanada ikachukua dhahabu ya kwanza tangu 1952. Katika fainali dhidi ya Marekani, pasi ya Chris Pronger ilimjia, akainua gongo kana kwamba anapiga, akakiacha kisahani kipite katikati ya miguu yake hadi kwa Paul Kariya, aliyefunga. Mchezo mzima wa Lemieux umo katika sekunde ile. Hata hivyo kulikuwa na mashabiki wa Pittsburgh waliouliza kwa nini nyonga iliweza kuvumilia kwa ajili ya Kanada kuliko kwa ajili ya klabu aliyoimiliki, na swali lao lilikuwa la haki.

Kama mmiliki alilazimika pia kufanya lile ambalo kama mchezaji angelichukia. Julai 2001 Jagr, aliyekuwa ameongoza ligi kwa pointi misimu minne mfululizo, aliuzwa Washington kwa kubadilishana na vijana watatu na fedha. Hakuna hata mmoja kati ya vijana hao aliyekuja kuwa nyota. Klabu haikuweza kumlipa. Ilikuwa imejifunza 1998 nini hutokea ukiahidi mshahara usio nao. Timu ikaporomoka, na haikuingia tena kwenye mtoano hadi 2007.

Mgomo wa waajiri ulifuta msimu wote wa 2004–05. Februari 2005 Lemieux na Gretzky waliitwa New York kujaribu kuunusuru msimu, na wakarudi mikono mitupu. Lakini mkataba mpya uliopatikana kiangazi kile ulileta kile ambacho timu za miji ya kati zilikuwa zimekilia: kikomo cha mishahara, dola milioni 39 kwa timu katika msimu wa kwanza. Ikafuata bahati. Kwa kuwa hapakuwa na msimu wa kupimia nani dhaifu, timu zote 30 ziliingia kwenye bahati nasibu ya kuchagua vijana. Penguins walikuwa miongoni mwa timu nne zilizopewa mipira mitatu kati ya 48. Wakashinda, wakamchukua Sidney Crosby, kijana aliyetamaniwa kuliko wote mwaka ule, ambaye kwa miaka yake ya mwanzo aliishi nyumbani kwa Lemieux. (Wakenya wengi wanamfahamu Crosby kwa sababu nyingine: mwaka 2018 alivaa jezi ya Kenya Ice Lions na kucheza nao mjini Toronto, wale vijana waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi.)

Crosby na Lemieux walicheza pamoja miezi michache tu. Moyo wa Lemieux ulianza kupiga bila mpangilio, na tarehe 24 Januari 2006 alistaafu moja kwa moja: mabao 690, pasi za mabao 1,033, pointi 1,723, mechi 915. Kwa misimu kumi na saba hizo ni mechi chache mno, na ukigawanya pointi kwa mechi utaona kwa nini watu bado wanabishana angefika wapi akiwa mzima.

Ukumbi, na ekari 28

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Civic Arena ilifunguliwa 1961, na kufikia 2006 ilikuwa ukumbi mkongwe kuliko wote katika ligi. Bila ukumbi mpya Penguins wasingeweza kupata mapato ya kuwashinda wenzao hata kwa kikomo cha mishahara. Oktoba 2006 Jim Balsillie, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, alikubaliana kuinunua klabu kwa dola milioni 175, kisha Desemba akajitoa. Mwezi huohuo kampuni ya kamari iliyokuwa imeahidi kujenga ukumbi kwa dola milioni 290 endapo ingepewa leseni ya kasino ikanyimwa leseni hiyo. Leseni ikaenda kwa mwingine.

Lemieux na Burkle wakaanza kuzungumza na Kansas City, iliyokuwa ikijenga ukumbi mpya usio na timu. Pittsburgh ikashikwa na hofu. Machi 2007 gavana Ed Rendell na viongozi wa mji na kaunti wakafikia makubaliano na klabu. Ukumbi ungejengwa, gharama zikitoka kwa klabu, kwa kamari na kwa serikali ya jimbo. Mwaka 2008, kazi ya ujenzi ilipozinduliwa, Lemieux alikiri kwamba kuhama hakukuwa jambo walilolikusudia. Walihitaji kuwabana wenye mamlaka. Walipa kodi waliosikia maneno hayo walikasirika, nami nawaelewa. Imani ya watu ndiyo iliyompa ushindi mahakamani 1999. Miaka minane baadaye aliitumia imani hiyohiyo kuwatisha.

Katika makubaliano hayo Penguins walipewa pia haki ya kuendeleza ekari 28 za eneo la ukumbi wa zamani. Ardhi ile ina historia. Ni sehemu ya chini ya Hill District, mtaa wa Wamarekani weusi ambao miaka ya 1950 ulibomolewa ili ukumbi upatikane, na watu zaidi ya 8,000 wakaondolewa. Wakazi wa Hill District walipigania na kupata mkataba wa manufaa ya jamii mwaka 2008. Civic Arena ilibomolewa kuanzia 2011, na kwa karibu muongo mmoja sehemu kubwa ya ekari hizo ilibaki maegesho ya magari. Jengo kubwa la kwanza lilianza kujengwa Septemba 2021.

Ndani ya barafu, mambo yalikwenda kama Lemieux alivyotaka. Penguins walitwaa Kombe la Stanley 2009, 2016 na 2017. Jina lake liko kwenye kombe hilo mara mbili kama mchezaji na mara tatu kama mmiliki. Mwishoni mwa 2021 yeye na Burkle waliuza sehemu kubwa ya hisa kwa Fenway Sports Group, kampuni ya Marekani ya kumiliki timu za michezo, kwa bei iliyoipa klabu thamani ya takriban dola milioni 900, na Lemieux akabakiza sehemu ndogo. Wamiliki wapya walirithi timu, ukumbi wenye viti zaidi ya 18,000, na yale mazungumzo na wakazi wa Hill District kuhusu ekari zilizobaki.